Roma na Karthago ndani ya Dzaleka

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alinipeleka kwenye semina mjini Lilongwe. "Mjomba," aliniambia, "banaongea kintu chako, njia ya Wajezuiti ya kufundisha université. Kuya tu ucheke." Yule mtoto ananijua. Nilivaa shati lenye pasi, nikakaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na birika la chai.

Kijana mmoja mwenye tai nyembamba alituonyesha ukutani duara lenye mishale. Ndani ya duara kulikuwa na maneno: muktadha, uzoefu, tafakari, tendo, tathmini. Alieleza kila neno kwa kulisoma. Alipofika kwenye tafakari alisema huo ndio moyo wa ufundishaji wote wa Kijezuiti, halafu akatazama saa, akasema kwa kuwa chai imefika tutairuka sehemu hiyo. Watu wakainua simu, wakalipiga duara picha, wakaenda kwenye mandasi. Nilicheka mpaka mama aliyekuwa anagawa vikombe akaniuliza kama nimepaliwa.

Ninyi mliolipiga picha lile duara, mnaotaka kesho kusimama mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu, ndio ninaowaandikia. Duara lenyewe halina ubaya wowote. Hata mapishi yaliyoandikwa ukutani hayana ubaya. Ila sijaona mtu aliyeshiba kwa kuyasoma.

Mimi si profesa. Nilimaliza sekondari kwa mapadri Wajezuiti, mchepuo wa latin-philo, yaani Kilatini na falsafa, kule upande wa Bukavu, Kongo, nikapata diploma yangu, na tangu siku hiyo miguu yangu haikukubali tena kukaa mahali pamoja. Nimeuza dagaa wa usipa Nathenje, nimeshona suruali Biwi, nimebeba magunia Tsoka, nimekwenda Lusaka nikiapa sirudi, nikarudi. Sasa nimepita arobaini, na bado nikisikia lori linapashwa injini alfajiri naona kama linaniita kwa jina. Lakini kazi niliyoifanya kwa moyo wote ni moja, na niliifanya kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, katikati ya miaka ya tisini, nikiwa kijana kama ninyi. Nilikuwa répétiteur.

Répétiteur si mwalimu. Mwalimu akimaliza kufundisha anaenda zake. Répétiteur anabaki na wanafunzi na kuwadai somo. Halielezi upya, analidai. Mwanafunzi anasimama mikono mitupu, anarudisha somo la jana kwa maneno yake mwenyewe, na mwenzake mmoja aliyepangwa kuwa mpinzani wake anamkamata pale anapoteleza. Wanafunzi wangu waliniita Repe, na jina hilo lilinishika kuliko la ubatizo.

Kazi hiyo niliiona kwanza kwa padri aliyekuwa mkuu wa masomo kwetu, mtu mfupi, mwenye kikohozi na viatu visivyofungwa kamba. Tulimwita Padri Prefe. Asubuhi moja mwenzetu mmoja alisimama akamrudishia somo la historia lote, neno kwa neno, hata kikohozi alikiweka mahali pake. Tulipiga makofi. Padri Prefe akamwambia, "Hiyo ni ya kwangu, ninayo. Ya kwako iko wapi?" Yule mtoto alibaki mdomo wazi. Padri akangoja. Nataka mjue kwamba alingoja kweli, akakaa kwenye ukingo wa meza, akafunga hata kamba za viatu vyake, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Mwishowe mtoto akasema sentensi moja, mbovu, ya kwake. "Vizuri," padri akasema, "sasa tunaweza kuanza."

Huko ndiko kutafakari. Hakuhitaji mshale. Kunahitaji mwalimu anayevumilia kimya, na mwalimu wa namna hiyo ni adimu, kwa sababu wengi tunapenda sana kujisikiliza.

Sasa nije Dzaleka. Chuo kimoja cha Lilongwe, sitakitaja, kilikubali kutoa kozi ya mwaka wa kwanza ndani ya kambi, falsafa na maadili kwa watu waliotaka kuwa walimu. Dzaleka ilikuwa jela kabla ya kuwa kambi, na darasa tulipewa kwenye chumba kimoja cha jela hiyo ya zamani, chenye vyuma madirishani. Mwishoni kungekuwa na mtihani wa mdomo mjini, na yule ambaye watahini wangemkubali angepata kiti chuoni Lilongwe, pamoja na ruhusa ya kuishi mjini kama mwanafunzi. Kiti kilikuwa kimoja. Wanafunzi walikuwa zaidi ya kumi.

Aliyefundisha alikuwa mtu wa kwetu, aliyewahi kuwa chef de travaux kwenye chuo kikuu, cheo ambacho kwetu kinakaa chini kidogo ya profesa. Tulimwita CT. Naye alisoma kwa mapadri kama mimi, miaka mingi kabla yangu, na hakuacha mtu yeyote asahau. CT alikuwa anafundisha kwa kutoa imla, yaani anasema na ninyi mnaandika. Alitaja mpaka mikato na nukta. "Point, à la ligne," alikuwa anasema, huku jasho linamtiririka ndani ya koti, na wanafunzi wanahamia mstari mwingine.

Karatasi zilianza kuisha. Wakawa wanaandika nyuma ya mifuko ya unga. Nikamwendea.

"CT, makaratasi yanaisha."

"Baandike kidogo-kidogo."

"Banaandika kidogo, CT. Sasa hata benyewe habaone."

"Repe, université ni syllabus, somo lote kwenye karatasi. Bila syllabus hii ni sokoni."

Ningempeleka sokoni Tsoka akaone jinsi mama anayeuza nyanya anavyoshika hoja ya mnunuzi, anaigeuza, anamrudishia. Lakini nilingoja atoke, nikafanya kazi yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. CT alitoa imla kwa Kifaransa, mtihani ungekuwa kwa Kiingereza, wengi darasani waliwaza kwa Kirundi, na vyote hivyo vilipita kwenye Kiswahili. Nilijifunza kuchukua kipande kidogo tu cha somo na kukaa nacho mpaka kiive. Mapadri walitufundisha kwamba roho haishibi kwa wingi wa mambo, inashiba kwa kuonja ndani. Nilijifunza pia kwamba siku ya mgao wa mahindi usifundishe logiki; mtu ambaye hajui kama gunia lake limefika hana nafasi ya kuweka hoja ya Aristotle. Na kabla ya kuwaacha waende, nilikuwa nawatembeza dakika chache kwenye somo la kesho, niwaonyeshe tu mitaro iko wapi, ili wakija wasiingie gizani. Siku hizi mnalipia watu kutoka mbali wawaambie mambo hayo kwa majina marefu.

Kulikuwa na mwanafunzi mmoja, Spès, Mrundi, mama wa mtoto mmoja. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwao kabla ya vita. Dzaleka aliuza maharage kwa vikombe. Wengine walitaka kile kiti cha Lilongwe kama mtu anavyotaka kitu kizuri. Spès alikitaka kama mtu aliye majini anavyotaka ukingo. Aliniambia siku moja huku anapepeta maharage yake, "Repe, nikikaa hapa mwaka mwingine, nitasahau hata kuandika ubaoni. Mkono umeanza kusahau." Hilo ndilo lililokuwa mezani mwaka ule, na kila ninachowaeleza sasa kinahusu hilo.

Upande wa pili wa chumba alikaa Evariste, naye Mrundi, aliyefyatua matofali kambini na zamani alikuwa karani wa komini, ofisi ya serikali ya kwao. Yeye na Spès walitoka kilima kimoja, ndiyo kijiji cha Warundi. Walitoka pande mbili za mauaji yaliyotokea pale kilimani, na kila mmoja alijua ndugu wa mwenzake walifanya nini. Sikuwahi kuwasikia wakiambiana hata "amahoro", salamu ya kwao ya amani. Ukitazama vizuri, darasa zima lilikaa hivyo: hawa huku, wale kule, na katikati benchi moja ambalo halikukaliwa na mtu. CT alifundisha miezi mingi mbele ya lile benchi tupu na hakuliona. Alikuwa anatazama syllabus.

Halafu akaanza kusikia kicheko na kelele kutoka kwenye saa zangu, na wivu ukamkumbusha utoto wake. Siku moja alikuja na vitambaa viwili, chekundu na cha bluu, akavitundika kwenye vyuma vya madirisha, kimoja huku, kimoja kule.

Niwaeleze wasiojua. Kwenye koleji za zamani za Wajezuiti, darasa liligawanywa kambi mbili, Roma na Karthago, miji miwili iliyopigana zamani. Kila mtoto alikuwa na mpinzani wake upande wa pili, kila kambi ilikuwa na konsuli, yaani mkubwa wake, na masomo yakawa mashindano. Kwa watoto wa miaka kumi na miwili ni raha tupu. CT alikuwa konsuli wa Roma utotoni, na nadhani hakuwahi kufurahi tena tangu hapo.

"CT," nilimwambia pembeni, "hii usifanye."

"We ulisoma kwa mapadri ao hukusoma?"

"Nilisoma. Tulikuwa batoto. Tukimaliza tulienda kucheza mpira pamoja."

"Na hawa?"

"Hawa bakimaliza banarudi kwenye hema, kila muntu na wafu wake."

"Repe, université haina kabila!"

"Université haina, CT. Angalia benchi."

Hakuangalia. Akapita mkono wake katikati ya chumba, kama mtu anayekata mkate, akasema huku Roma, kule Karthago. Yaani alichukua mpaka ambao wale watu walikuwa wanauona aibu na kuuficha, akaupa jina na bendera.

Mapadri wenyewe walikuwa na sheria, imeandikwa mahali pengi kwenye mambo yao: tazama mahali, tazama watu, tazama wakati. CT alibeba vitambaa akaacha sheria. Nimewaona wengi wa namna yake. Wanajua kengele ililia saa ngapi kwenye koleji yao, wanajua rangi ya kanzu ya padri, wanaimba bado wimbo wa shule, na hawakumbuki kitu kimoja kilichofanya waitwe watu waliosoma.

Haikupita wiki, Roma ikawa inateka maji kivyake na Karthago kivyake. Kina mama walioko foleni ya bomba wakaanza kuulizana, "Na wako, iko Roma?" Watu ambao hawakuwahi kukanyaga darasani wakawa Roma. Mtu akaenda kumwambia msimamizi wa kambi kwamba ndani ya jela ya zamani vijana wanagawanywa majeshi mawili, wana bendera, wana wakubwa wao, na mwalimu wao anapiga kelele za vita vya zamani. Ukiangalia, hakusema uongo hata kidogo.

Msimamizi, Mmalawi mnene mwenye sauti ya upole, alikuja na askari wawili. Akavishusha vitambaa mwenyewe, akavikunja vizuri kama mtu anayekunja nguo za mtoto, akafunga mlango kwa kufuli. Na akasimamisha ruhusa zote za darasa lile za kwenda Lilongwe. Mtihani ulikuwa umekaribia.

Spès alinikuta kwenye njia ya soko. Hakunisalimu.

"Repe, mi nilikuya hapa kuwa Roma?"

"Hapana, mama."

"Nilikimbia vita kwa mguu, na mutoto mgongoni. Sasa CT ananipatia ingine ya bure."

"Nitaenda kwa msimamizi."

"Uende leo. Kesho mi sitakuwa na nguvu ya kungoja."

CT naye alitaka kwenda. Alikuwa ameshavaa koti. "Nitamfafanulia vita vya Karthago," alisema, "ataelewa ni mambo ya kale." Nilimwomba, kwa heshima yote niliyobakiwa nayo, neno vita asilitaje hata kwa Kilatini, na akae nyumbani.

Msimamizi alinipa kiti. "Zikomo, kaa," alisema kwa adabu ya Kichewa, nami nikaeleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema neno ambalo wakaguzi wa elimu wote wangelijua tungekuwa na vyuo bora: "Unasema ni shule. Basi nionyeshe shule. Kesho mchana nitakuja nikae."

Akanipa ufunguo wa kufuli, nami nikaenda kuyapanga mabenchi. Niliyaweka mraba, nikalitoa nje lile benchi tupu. Upinzani sikuuondoa, ungeuondoa, ungebaki na wale wa chai na duara. Ila nilirudisha ile sehemu ya upinzani ambayo CT aliiacha kwa sababu inachukua muda. Mwanzilishi wa Wajezuiti aliwaagiza watu wake wawe tayari zaidi kuliokoa neno la mwenzao kuliko kulihukumu. Padri Prefe aliligeuza agizo hilo kuwa sheria ya darasani: huruhusiwi kumpinga mtu kabla hujasema wazo lake, na si wewe unayeamua kama umelisema sawa. Yeye ndiye anayeamua. Asipokubali, unarudia.

Kila mmoja nilimpangia mpinzani wa upande wa pili. Spès akabaki na Evariste.

"Yule?" alisema. "We unajua yule ni nani?"

"Najua."

"Unajua kaka yake alisema nini siku ile, pale njiani?"

"Sijui, mama, na siulizi. Kama huwezi, nitakuwa mpinzani wako mwenyewe."

Alifikiri, anachora chini kwa kidole cha mguu. Halafu akasema, "Hapana. We utanihurumia. Lilongwe habatanihurumia. Yule hatanihurumia." Akaingia.

Ninyi mnaosema kumjali mwanafunzi ni kumlainishia mambo, someni hapo tena. Nilikuwa nimemfungulia mlango wa kutokea, na ilikuwa lazima niufungue. Aliyechagua kuupita au kutoupita ni yeye.

Msimamizi alikaa kwenye kona, kofia magotini, nami pembeni yake nikimnong'onezea kwa Kiingereza. Swali lilikuwa kutoka kwenye somo la maadili: je, ahadi uliyoitoa kwa sababu ya woga inakufunga?

Evariste alisimama kwanza. Alisema inafunga. "Sisi bote hapa tuliahidi tukiogopa," alisema. "Pale mpakani askari aliniuliza: utafuata sheria za inchi? Nilisema ndiyo. Kama ile haifungi, basi mi sina neno hata moja. Neno langu yote nililisema nikiogopa."

Akakaa. Spès akasimama. Hakumtazama.

"Anasema muoga anapaswa kumtii yule aliyemtisha."

"Sivyo," Evariste akasema. "Rudia."

"Anasema muntu akitupa ahadi zake za woga, atabaki bila ahadi."

"Unakaribia. Rudia."

Mimi nikawa na hamu kubwa ya kusaidia, ile hamu ya mwalimu mbaya. Nikaikalia. Msimamizi alinitazama, nikamwonyesha kwa mkono angoje.

Safari hii Spès alimtazama. "Anasema," akaanza polepole, "siku ile walimnyang'anya vyote. Kilichobaki mukononi ni neno lake. Na akilikana leo, wale waliomtisha watakuwa bamechukua na ile."

"Njo ivyo," Evariste akasema. Halafu, chini zaidi, "Mi mwenyewe sikuisema vizuri ivyo."

"Sasa nakupinga," Spès akasema. "Kuna bantu baliahidishwa kunyamaza. Baliambiwa: hukuona kitu, apa kwa Mungu. Bakaapa. Ahadi ile ikifunga, nani atasema? Wafu?"

Sasa ikawa zamu ya Evariste kulirudisha wazo hilo. Alijaribu mara kadhaa. Kila mara Spès alisema sivyo, rudia, na hakusema kwa ukali. Alisema kama mwalimu wa darasa la tatu anayetaka kweli mtoto apate. Mwishowe Evariste akalipata. Aliomba ajibu siku nyingine, nami nikaandika swali ubaoni libaki pale.

Msimamizi akaniuliza, "Nani ameshinda?"

"Bado hatujui, bwana."

Akacheka. "Kwetu pia, mlandu ukisikilizwa vizuri huwa hivyo," alisema, maana mlandu kwao ni kesi. Akarudisha ruhusa zote. Alipofika mlangoni akageuka. "Lakini bendera, hapana."

Tulikwenda Lilongwe kwa matola, gari la mizigo linalobeba abiria, Spès, mimi na wengine waliotaka kujaribu. CT alitangulia, amevaa tai. Watahini walikuwa wawili, nyuma ya meza ndefu, na mmoja alikuwa na usingizi wa waziwazi. Niliruhusiwa kukaa ndani kwa ajili ya lugha.

Zamu ya Spès, iliyokuwa ya mwisho, ilipofika, mtahini aliye macho alimuuliza kuhusu wajibu na dhamiri. Spès alisema, kwa Kiingereza chake cha hatua fupifupi, kwamba amezoea kuanza na wazo la mwenzake, je, bwana angeweza kusema kwanza yeye anaonaje? Mtahini alishtuka, halafu akafurahi. Alisema anavyoona. Alisema kwa urefu. Yule mwenzake aliamka, akalala tena. Alipomaliza, Spès alimrudishia lile wazo lote, fupi, safi, limepangwa, bila yale makapi. Akamuuliza, "Nimekusema sawa?"

Nilimtazama yule mtu usoni. Ulikuwa uso wa mtu anayejiona kwenye kioo kizuri kwa mara ya kwanza. "Sawa kabisa," alisema. "Bora kabisa. Huyu ameelewa." Akaandika, akafunga karatasi, akamwambia asante, kiti ni chako, tutaonana chuoni.

Spès alitoka nje akiwa amekasirika, mpaka nikadhani hakuelewa kwamba ameshinda.

"Mama, umepata!"

"Hakuningoja nipinge!" alisema. "Repe, nilikuwa na hoja mbili! Moja ilikuwa kali! Hakutaka kuisikia!"

Hivyo ndivyo mwanafunzi bora niliyewahi kumwona alivyoingia chuo kikuu, kwa kumrudishia msomi maneno yake mwenyewe. CT alisimama kwenye ngazi anawapa watu mikono, akisema mnaona sasa nguvu ya syllabus. Nilikuwa nimeshaanza kusikia hamu ya barabara miguuni.

Chuoni Spès alikuta kile alichokiacha: mtu mbele anatoa imla, watu wanaandika. Alistahimili wiki ya kwanza. Jumamosi akapanda matola, akaja Dzaleka na kikapu chake, akaingia kwenye chumba kile, akasimama mikono mitupu na kuwarudishia wenzake wote waliokosa kiti masomo ya wiki nzima. Jumamosi iliyofuata akaja tena. Kiti kilikuwa kimoja, wakakikalia wote. Wengine walisema anafanya hisani. Mimi niliona wazi anakuja kutafuta kitu ambacho mjini hakipo, mtu wa kumwambia sivyo.

Nikagundua pia kwamba sina kazi tena. Walikuwa wanadaiana wenyewe. Nilikaa Jumamosi kadhaa kwenye kona na chaki yangu, nikijifanya nasimamia, kisha nikatafuta mtu wa kushirikiana naye biashara ya usipa kule Nathenje. Mkifundisha miaka mingi na bado wanafunzi wanawahitaji kila siku, msijisifu.

Jumamosi yangu ya mwisho pale, Spès alikuwa amerudisha somo zima na wenzake wameridhika. Nje, matola ya mwisho ya kurudi mjini ilikuwa inapiga honi. Sitawadanganya kwamba yeye na Evariste waliishia kuwa marafiki. Nje ya chumba kile sikuwahi kuwaona wakipeana mkono. Spès alikuwa ameshabeba kikapu wakati Evariste aliposema kutoka kwenye benchi lake, "Lile swali nililokuuliza katikati ya somo hukujibu. Uliliruka."

Honi ikalia tena. Spès alikwenda mpaka mlangoni, akamwambia dereva aende. Akarudi, akakiweka kikapu chini, akakaa kwenye benchi lililomwelekea.

"Sema tena," alisema. "Polepole. Nisikie vizuri."